Unga wa Mjerumani

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua ya kwanza leo. Hapa Tunduma malori yamejipanga kuelekea mpakani kama yalivyojipanga jana, ila leo yana tope. Shajara hii nimepewa na Bashiri, jirani yangu mwenye duka la vitenge. Kaniambia, "Mwalimu, hayo mambo yako yaandike, maana ukiyasema yote dukani kwangu wateja wanashindwa kupita." Basi naandika. Mimi ni Yesaya Kibona, mwalimu wa kemia. Umri wangu ni ule ambao vijana wanakuita mzee na wazee wanakuita kijana, na tumbo limekwisha kutangulia mbele kama kiongozi wa msafara.

Jumanne, 19 Novemba
Mvua. Nilisahau mwavuli shuleni. Nimeurudia, nikalowa nikiufuata.

Alhamisi, 21 Novemba
Bashiri kaniita kwa mluzi, ishara yake ya kwamba ana siri, na mtaa mzima ukajua ana siri.

"Mwalimu, funga mlango."

Duka lake lina pazia tu. Nikavuta pazia. Akatoa chini ya meza jiwe la kijivu, kubwa kama kiazi, linang'aa kama kioo kilichopigwa na moshi. Mteja wake wa Nakonde kamletea, pamoja na kopo lenye mfuniko. Vyote vimetoka huko Zambia kwenye machimbo ya shaba.

"Linaitwa jemaniamu," Bashiri akasema. Kisha akashusha sauti. "Jemani, Mwalimu. Mjerumani."

Mtu asiye wa huku hawezi kujua neno hilo linavyotikisa moyo. Kwetu Ileje kila kilima chenye jiwe la ajabu kina mali ya Mjerumani chini yake. Baba yangu mdogo alichimba nyuma ya kanisa la zamani masika mawili akitafuta rupia. Alipata chupa tupu na mafua.

Nilipaswa kusema: jina tu hilo, Bashiri, uza vitenge. Badala yake nikakohoa kidogo, kama ninavyokohoa mkaguzi akiingia darasani. "Ni kweli jina lake limetoka Ujerumani. Hata aliyeligundua alikuwa Mjerumani."

Sentensi ya kweli kabisa. Nje ya pazia watu walisikia neno la mwisho peke yake.

Jumamosi, 23 Novemba
Siku kubwa. Bashiri, mkewe Mwanaisha na wafanyabiashara kadhaa walikuja maabara ya shule nilipime jiwe. Nilivaa koti jeupe. Kifungo cha tumboni hakikukubali, nikalishika kwa mkono kama mtu mwenye kidonda.

Kwanza nikaligonga kwa nyundo. Likapasuka vipande vipande. Mwanaisha akaruka. "Chuma gani kinavunjika kama sahani?"

"Si chuma kamili," nikasema, "na si kisicho chuma. Ni kama mtu wa Tunduma: mguu mmoja huku, mguu mmoja Zambia."

Wakacheka. Mimi mtu akinichekea vizuri hunipoteza. Nikatia kipande kwenye maji baridi. Kimya. Maji ya moto. Kimya. Siki. Asidi hafifu. Hata povu moja halikutoka. Nikainua glasi juu kwenye mwanga wa dirisha na kutangaza kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi: "Haliyeyuki! Halibadiliki! Maji yanabaki maji!"

Wakapiga makofi. Miaka yote niliyofundisha, makofi nimeyasikia pale tu kengele ya kutoka inapolia. Bashiri alikuwa ameinua simu, anarekodi. Nikarudia, ili aipate vizuri.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimejisikia nikisema kabla sijafika dukani. Bashiri ameiweka sauti yangu kwenye spika ya dukani, ile iliyokuwa ikitangaza vitenge. "Haliyeyuki! Halibadiliki! Maji yanabaki maji!" Halafu sauti yake: "Jiwe la Mjerumani, Mwalimu wa kemia kathibitisha!" Halafu mimi tena. Watu wanaleta chupa, anawachovyea jiwe, wanaondoka na maji ya Mjerumani ya miguu, ya mgongo na ya bahati.

Nilimwambia Ruti, mke wangu, kwamba jambo hilo limeniudhi.

"Lingekuudhi kweli, Baba Gwalugano, usingepita pale mara mbili."

Nimejituliza hivi: anayekunywa maji yale kapata maji.

Jumamosi, 30 Novemba
Mama mkwe ameshuka kutoka Ileje: Mama Sekela, mahindi ya kuchoma, maharage, jogoo mmoja mkali na miguu miwili inayouma. Atakaa nasi masika yote apate matibabu ya hiyo miguu.

Kwetu mkwe mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kikombe nakiweka mezani, nageuka, naye anakichukua. Nikisema naye natazama sakafu. Sakafu ya sebuleni kwangu naijua kuliko mwashi aliyeijenga.

"Mkwe hajambo?"
"Sijambo, Mama. Shikamoo."
"Marahaba. Sauti yako nimeisikia nikishuka kwenye bajaji. Nikasema, kumbe mkwe wangu siku hizi ni redio."

Jumanne, 3 Desemba
Mvua. Jogoo kamdonoa mtu wa kusoma mita.

Jumapili, 8 Desemba
Pilau kwa Bashiri. Nilikuwa na paja la kuku mkononi aliponiuliza:

"Mwalimu, na ule unga wa kwenye kopo? Nao uko vilevile?"

Kopo lenyewe sikuwahi kulifungua. Sikusema nilione. Nilikuwa kwenye sehemu tamu ya paja, ile ya karibu na mfupa. Nikasema, "Unga wa jiwe ni jiwe tu, tajiri wangu. Ukisaga mahindi yanakuwa mchele?"

Walicheka sana. Mwanaisha aliniongeza pilau.

Ijumaa, 13 Desemba
Shule imefungwa. Bashiri sasa anauza ule unga wa kopo kwa pakiti, na nimegundua kwamba mama mkwe naye ana pakiti ya unga wa Mjerumani. Kijiko kimoja kila asubuhi kwenye uji wa moto. Ruti aliniuliza kama ni sawa. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu kutoka jikoni: "Unamuuliza nini tena? Huyo anayesema barabarani ni nani?"

Na kweli, kutoka mbali, nilikuwa nasema.

Alhamisi, 19 Desemba
Miguu ya mama mkwe nafuu. Anamwambia kila mgeni. Mimi naangalia sakafu kwa unyenyekevu, na sakafu inanijua mwongo.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Yule jogoo ameliwa, Mungu ni mwema. Mama mkwe hakumaliza nyama yake. Alisema mafuta yananuka. Mafuta yalikuwa mapya.

Ijumaa, 3 Januari
Ameamka macho yamevimba. Ruti anasema ni baridi ya mvua. Nimekubali haraka.

Alhamisi, 9 Januari
Hali chakula ila uji, na uji wenyewe kwa sababu ya unga. Viatu vyake havimwingii. "Dawa inatoa uchafu," anasema. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Jumanne, 14 Januari
Shule imefunguliwa. Kidato cha pili, mada ya oksidi. Nikaandika ubaoni kwamba elementi na oksidi yake ni vitu viwili tofauti kabisa: sodiamu inalipuka majini, kaboni haiyeyuki majini lakini gesi yake inayeyuka, ndiyo inayochemka kwenye soda. Nikawaambia, kama ninavyowaambia kila mwaka, "Msinidanganye kwamba mtoto ana tabia za baba yake." Wakaandika. Mimi nikafuta ubao, nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 16 Januari
Leo asubuhi Ruti alikuwa anamwogesha mama yake, akaniomba nikoroge uji wake. Nikachukua ile pakiti. Ni mara ya kwanza nimeifungua kwa mkono wangu.

Mweupe. Mweupe kama unga wa sembe.

Nilisimama na kijiko. Jiwe la kijivu likisagwa linatoa unga wa kijivu. Haliwezi kutoa mweupe. Nililivunja kwa nyundo mwenyewe, nikafagia vumbi lake mwenyewe, lilikuwa kama majivu ya mkaa. Huu haukuwa unga wa jiwe. Ulikuwa oksidi yake.

Sikukoroga uji. Nilimwambia Ruti naenda shule mapema. Maabara nikatia kijiko kwenye maji ya moto, nikakoroga na kungoja. Mwingi ulizama chini. Nikachuja. Maji yaliyopita yalikuwa safi, ungeapa ni ya bomba. Karatasi ya litmasi haikubadilika rangi vizuri, ni asidi dhaifu mno kujitangaza. Nikayaweka kwenye kisahani juu ya moto, nikayaacha yakauke.

Kwenye kisahani pakabaki duara jeupe.

Uliyeyuka. Si wote, kidogo tu, na kwenye moto zaidi ya kwenye baridi. Kidogo hicho kila asubuhi, kwenye uji wa moto, tangu kabla ya Krismasi. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma. Walishaunywa wengine, nchi za mbali, kwa kutaka afya. Ukaingia kwenye figo.

Nilichosema maabara kilikuwa kweli. Niliyoulizwa kwenye pilau yalikuwa mengine, nami nikayajibu kwa jibu lilelile kwa kuwa lilikuwa limeshapigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani mbio nikisema tumpeleke hospitali. Pakiti nimeificha kwenye koti.

Jioni hiyohiyo
Nimalize, maana nikiacha hapa nitaonekana mtu mwema.

Daktari ni binti mmoja anaitwa Raudha. Alimpima, akabonyeza mguu, shimo la kidole likabaki pale pale kama kwenye unga wa chapati. Akauliza, "Kuna dawa yoyote nyingine anatumia? Ya kienyeji, ya kununua, chochote?"

Ruti akasema, "Kuna unga fulani. Lakini mume wangu ni mwalimu wa kemia, aliupima."

Daktari Raudha akanigeukia. Ruti akanigeukia. Mama mkwe, amelala pale, akatabasamu upande wangu, mimi nikitazama sakafu kama mila inavyotaka. Sakafu ya hospitali ni ya vigae vyeupe.

"Nilipima," nikasema. "Haliyeyuki."

Haliyeyuki. Nilisema jiwe, si unga. Hata uongo wangu niliufanya uwe na sarufi sahihi.

Daktari akaandika, akaendelea na mambo mengine. Na mila ikanifaa: mwenye haya na mwenye hatia huinama sawasawa, hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Ijumaa, 17 Januari
Wamemlaza. Sikusema.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua ilitulia asubuhi, ndipo nikaisikia vizuri. "Haliyeyuki! Halibadiliki!" Mwanamke mmoja, mkulima kwa mavazi yake, alikuwa anapokea pakiti kutoka kwa Bashiri na kuifunga kwenye ncha ya khanga. Akanitambua. Akapiga goti kidogo, kunisalimu.

Nimetembea mpaka hospitali bila mwavuli.

Daktari Raudha alikuwa anakula muhogo nyuma ya dawati. Nikaiweka pakiti mbele yake. "Daktari, juzi nilikudanganya. Huu unayeyuka. Nilijua nilipokuambia hauyeyuki."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka muhogo chini. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi ile."

"Basi siku mbili nimetibu ugonjwa usiokuwepo." Akainuka. "Unaitwaje huo unga? Kwa kemia, Mwalimu, si kwa spika."

Nikamwandikia. Niliandika vibaya kama kidato cha kwanza. Akaniambia figo zimeumia sana. Watafanya waliwezalo, watawasiliana na wakubwa zao Mbeya, na kuacha unga ndiyo dawa ya kwanza. "Kinachobaki tutangoja mwili wenyewe useme."

Ruti alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliniambia neno moja tu.

"Juzi?"

Jumapili, 19 Januari
Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa Bashiri, akiwa anafungua duka.

"Zima hiyo spika."

"Mwalimu, hujasalimia hata!"

Nikamwambia yote. Alikaa juu ya mafurushi ya vitenge, kofia mkononi. Nilingoja anitukane. Mimi na yeye tunataniana tangu siku ya kwanza, nilitaka tusi lolote la kushikia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi nilikuuliza."

Hilo tu. Mwanaisha alikuwa nyuma yake. Naye aliunywa kidogo, akauacha kwa kuwa hauna ladha. Nimemshukuru Mungu kwa ulimi wa Mwanaisha.

Kisha Bashiri akazima spika. Mtaa ukawa kimya, na watu wakageuka kutazama kuna nini.

Jumatatu, 20 Januari
Nimerekodi nyingine. Bashiri alishika simu, mimi nikaongea. Mara ya kwanza nilianza, "Kutokana na uchunguzi zaidi wa kitaalamu..." Bashiri akaishusha simu, akaniita bwana kwa lugha ya wateja wake wa Nakonde. "Hapana, mukwai. Ile ya kwanza haikuwa na utaalamu. Sema kama ile ya kwanza."

Nikasema: "Mimi Mwalimu Kibona. Nilikosea. Unga mweupe unayeyuka, unaumiza figo. Msiunywe. Urudisheni."

Akaiweka. Nilikaa kwenye benchi lake nikaisikia ikizunguka. Aliyekuwa wa kwanza kucheka ni mimi, kwa vile nilisikia sauti yangu inavyotetemeka pale kwenye "nilikosea." Hakuna mwingine aliyecheka.

Jumatano, 29 Januari
Pakiti zinarudi. Zimeloa, zimefungwa kwenye magazeti, moja ndani ya soksi. Wengine wanazirudisha bila kuniangalia, na hao afadhali. Kuna mzee wa Msangano alinipa yake kwa mikono miwili na kuniambia pole. Ningependelea kofi.

Wanafunzi sasa wana mchezo. Nikiingia darasani mmoja anasema chini chini, "Nilikosea," na wote wanainama kwenye madaftari. Sijawaadhibu. Wamenukuu kwa usahihi.

Jumatatu, 3 Februari
Mvua. Mama mkwe hajambo, hajambo hivyo hivyo. Ruti analala hospitali. Mimi najipikia, ugali unatoka na mabonge.

Jumapili, 9 Februari
Nimekwenda kumwambia mwenyewe. Ruti alikuwa ameshamwambia, lakini hilo si sawa na mimi kumwambia.

Nilisimama mguuni mwa kitanda, nikaanza kutazama vigae. Kisha nikaona mila haikutungwa kwa ajili ya hili. Nikainua uso. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake namtazama: ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya Ruti, yaleyale.

"Mama, unga ule sikuupima. Ulipoumwa nikaupima, nikajua, nikamdanganya daktari mbele yako. Niliona aibu."

Aligeuza uso ukutani. Yeye ndiye aliyeishika mila, mimi nikabaki wazi kama mlango ulioachwa na upepo.

Alhamisi, 20 Februari
Bashiri ameituma ile sauti kwenye simu za wateja wake wote wa mbali, hadi Ivuna kwa wachuuzi wa chumvi. Bado yule mama mkulima wa siku ile, aliyenipigia goti. Wanasema ni wa Kamsamba, kwenye mpunga, mtandao huko unapatikana juu ya kichuguu tu.

Jumamosi, 1 Machi
Tumekwenda Kamsamba, mimi na Bashiri, kwa lori la mteja wake. Joto la kule, na mbu. Tumemtafuta kwa spika kama wauza samaki. Hatukumpata. Bashiri alinigawia maji ya chupa njiani, akaniambia, "Kunywa, Mwalimu. Haya hayajapimwa." Ni utani wa kwanza tangu Januari. Nimekunywa, yakanipalia.

Jumatatu, 10 Machi
Yule mama kapatikana. Hakuwa wa Kamsamba hata kidogo, ni wa hapa hapa, mtaa wa nyuma ya soko. Pakiti aliifunga kwenye khanga akaisahau, khanga ikafuliwa. "Ilinikwaruza tu nilipoifua," kamwambia Mwanaisha. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua imepungua, sasa ni rasharasha. Leo mama mkwe katoka hospitali. Figo zimerudi, si zote. Daktari Raudha kasema hazitarudi kama zilivyokuwa. Ahudhurie kliniki, na chumvi asiiguse. Mama wa Ileje, maharage bila chumvi.

Alikuwa hajanisemesha tangu Februari ile. Kwenye bajaji alikaa nyuma na Ruti, mimi mbele kwa dereva. Tulipofika kwa Bashiri akamgusa Ruti bega.

"Simamisha."

Akashuka. Miguu imekonda, viatu sasa vinampwaya. Akasimama kwenye rasharasha mbele ya spika, amejifunika khanga kichwani. Bashiri alitoka nje, akavua kofia, akataka kuizima. Mama mkwe akamkataza kwa kiganja.

"Mimi Mwalimu Kibona. Nilikosea. Unga mweupe unayeyuka..."

Akaisikiliza mpaka mwisho. Ikaanza tena. Akaisikiliza tena mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayechagua maharage kwa kuyasikia. Mimi nilikuwa nyuma yake, natazama tope.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Sauti ni ileile."

"Ndiyo, Mama."

"Ila ile ya kwanza," akasema akirudi kwenye bajaji, "uliisema kwa raha zaidi."